Upande wa Kushoto wa Ambilikile

Jumamosi, 4 Machi 1995
Mvua: milimita 38.
Daftari la zamani limeisha jana, na leo mume wangu amerudi. Sikupanga viende pamoja.
Amefika saa kumi jioni kwa baiskeli ya kukodi kutoka mpakani Kasumulu, begi refu la raketi mgongoni, suruali imejaa tope hadi magotini. Miezi kumi na minne hajakanyaga Ipyana. Nikamuuliza kwa mazoea, "Safari hii siku ngapi?" Huwa ananijibu tatu, au tano, au naondoka kesho kutwa.
Akasema, "Mpaka mvua ziishe."
Nimeshtuka hata nikasahau kumpokea begi. Tangu tuoane, miaka kumi na moja, Ambilikile hajawahi kukaa nyumbani hadi maharage yakaiva.

Jumapili, 5 Machi
Mvua: 12. Kanisani wote wamegeuka kumtazama. Amekaa mwisho kabisa kushoto, bega la kushoto limegusa ukuta.

Jumanne, 7 Machi
Mvua: 55. Nasoma kipima mvua cha ofisi ya kilimo kila siku saa tatu asubuhi, kwa sababu kimesimikwa uani kwetu na kwa sababu kati ya wanawake wa hapa mimi ndiye niliyefika kidato cha nne. Leo nilipokuwa namwaga maji yake, alipita Samsoni, katibu wa chama chetu cha ushirika. Chama chenyewe hakina kitu tena. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kokoa na mpunga vinakwenda kwao, na Samsoni amebaki na mhuri na ufunguo wa ghala tupu.
"Shemeji," akasema, "mumeo ameniomba ghala. Anataka kufanya kazi yake humo. Hivi kazi yake hasa ni nini?"
"Mpira."
"Hilo najua. Timu gani?"
"Hana timu. Unaitwa skwoshi. Watu wawili wanafungiwa ndani ya chumba, wanaupiga mpira ukutani kwa zamu, kwa raketi."
Samsoni akafikiri. "Wamekosa nini?"
Nimecheka hadi maji ya kipimo yakamwagika. Bahati nilikuwa nimeshasoma.

Jumatatu, 13 Machi
Mvua: 61.
Ghala limekuwa uwanja. Amepima kwa kamba, akachora mistari kwa rangi nyekundu, na chini ya ukuta wa mbele amegongomea vipande vya bati, kimo cha goti la mtu. Mpira ukigonga bati umekosa, na bati linapiga kelele, kwa hiyo hakuna anayeweza kubisha.
Leo nimeingia kumtazama. Niandike ukweli: miaka kumi na moja nimekuwa mke wa bingwa na sijawahi kumwona akicheza. Nilimjua kwa picha za gazeti, ameshika kombe, ananyoosha shingo kama jogoo. Nilijua alivuka mto Songwe akiwa na miaka kumi na minne kumfuata mjomba wake, akapata kazi ya kufagia uwanja wa klabu ya wakulima wa chai kule Malawi, akawa anacheza wakishaondoka wenyewe, na siku moja wenyewe wakashindwa kumfunga. Hayo nilisimuliwa. Nilidhani ni mchezo wa kistaarabu, wa watu waliovaa nyeupe.
Sivyo. Ni vita. Mpira mweusi mdogo kama yai la kwale unatoka ukutani sijui wapi, naye yupo pale kabla haujafika. Viatu vinalia sakafuni, jasho linaruka, na kila pigo linarudi kutoka kuta nne kama mtu anabomoa nyumba. Mpira mmoja ulinipata pajani. Nimeangalia sasa hivi: kuna duara jekundu lenye kitovu cheupe, limekamilika kama mhuri wa Samsoni.
"Umeumia, Mama Angetile?"
"Hapana," nikasema.

Jumatano, 15 Machi
Mvua: 20. Mtoto wetu Angetile kachukua daftari la hesabu shuleni. Hakuna jingine la kuandika.

Jumanne, 21 Machi
Mvua: 74.
Mama mkwe, Naomi, amekuja jikoni analia. Asubuhi alimkuta mwanawe kwenye njia ya kisimani, akasimama pembeni, akamsalimu kwa sauti ndogo kama kawaida yake. Ambilikile akapita. Hakugeuka.
"Mimi niliyemzaa," mama akasema. "Ananikwepa kama mimi ndiye mkwe wake."
Nikamwambia labda alikuwa na mawazo. Akaniambia si mara moja. Juzi Jumapili mlangoni mwa kanisa, vilevile. Na wazee wawili wa kijiji cha Talatala wamelalamika kwamba bingwa siku hizi anasalimia watu wa upande mmoja tu.
Nimemkasirikia. Kwetu mtu asiyesalimia ni afadhali aibe ndizi. Jioni nimemwambia, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama alikuwa njiani?" akauliza.
Nimeandika swali lake hapa kwa sababu sijui pa kuliweka.

Alhamisi, 30 Machi
Mvua: 90. Mto Kiwira umekula kingo.
Kwa siku saba nimefanya jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Ijumaa nilimwekea kikombe cha chai kushoto kwake, akakipiga kwa kiwiko kikavunjika. Nikaomba radhi kama kosa ni langu. Jumamosi nikaweka mbasa wa kuchoma kushoto, ugali kulia: akala ugali na mboga, akauliza, "Leo hakuna samaki?" Jumapili Angetile alimnyooshea maua kutoka kushoto hadi mtoto akashusha mkono. Jumatatu, Jumanne, jana na leo nimerudia kulia na kushoto kwa kupokezana. Kulia hakukosa hata mara moja. Kushoto alipata mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu kuku alilia.
Nimeyasoma maandishi haya mara tatu.

Jumapili, 2 Aprili
Mvua: 48.
Nilimfuata ghalani baada ya ibada. Nikasimama kushoto kwake bila kusema, nikainua mkono, nikaupunga mbele ya shavu lake, karibu nimguse. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliendelea kufunga.
"Baba Angetile," nikasema, "hilo jicho."
Alikaa chini palepale.
"Tangu Septemba," akasema. "Harare. Jamaa alizungusha raketi, mimi nilikuwa nyuma yake. Ukilitazama ni zima, sivyo? Lakini ndani ni giza."
"Na kombe la Nairobi la Novemba?"
"Nililichukua na moja."
Sikujua nimwonee huruma au nimwogope. "Nani anajua?"
"Daktari, mimi, na sasa wewe. Na iishie hapo, mke wangu. Wakijua, kila mpira utatumwa kushoto. Julai natetea kombe. Likibaki mkononi mwangu mara ya tatu linakuwa langu moja kwa moja, halirudi tena."
Kwa hiyo hakuwa amekuja kupumzika. Alikuja kujificha ajifunze kuwa na jicho moja mahali ambapo hakuna mtu anayejua mchezo.
Nimeapa sitasema. Tuliporudi nyumbani tulimkuta mama mkwe barazani, akampa mwanawe mgongo, na sikuweza kumwambia kwa nini.

Jumamosi, 8 Aprili
Mvua: 103. Kubwa kuliko zote hadi sasa.
Leo tulikuwa tunarudi kutoka ghalani, mimi mbele. Nikatoka njiani ghafla, nikaingia migombani, nikajifunika khanga na kugeuka. Baada ya muda ndipo baba mkwe alipopita. Ambilikile akamsalimu, wakaongea habari za mpunga, mzee akaenda zake. Nikarudi njiani.
"Ulijuaje kama anakuja? Alikuwa bado nyuma ya kona."
Sikuwahi kuulizwa. Tangu niolewe sijamtazama baba mkwe usoni, sijala mbele yake, sijatamka jina lake; hata humu ndani siliandiki. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wanyakyusa, na ukristo haukulifuta. Uso wake siujui. Lakini najua yuko wapi saa zote.
"Anakohoa," nikasema. "Akikaribia kona, anakohoa mara moja, ili nisikie nijiondoe. Halafu kuna fimbo yake. Halafu ugoro. Halafu kuku wa kwetu hawamkimbii, na wa jirani wanamkimbia."
Ambilikile alisimama kwenye mvua. "Mtu usiyemtazama," akasema polepole, "na unajua aliko."
"Kila mkwe wa hapa anajua."
"Nifundishe."

Ijumaa Kuu, 14 Aprili
Mvua: 66.
Nimevua viatu ndani ya ghala nikazunguka kama kuku aliyepotea, na bingwa wa Afrika Mashariki na Kati amesimama mbele amefungwa kitambaa cha macho, ananinyooshea raketi kila ninaposimama. Siku ya kwanza alipata mara tisa katika thelathini. Leo kumi na tisa.
"Usisikilize miguu," nilimwambia. "Miguu inadanganya. Sikiliza pumzi. Na usikilize mahali ambapo mvua haisikiki vizuri, hapo kuna mwili umeizuia."
"Nani alikufundisha hayo?"
"Woga."
Alicheka, akavua kitambaa, akanitazama kwa jicho lake moja kama mtu anayemwona mke wake mara ya kwanza. Sitaandika zaidi. Ni Ijumaa Kuu.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka
Mvua: 31. Wali, nyama, na mama mkwe bado hasemi na mwanawe.

Jumamosi, 22 Aprili
Mvua: 88. Ishirini na sita katika thelathini.

Jumatatu, 1 Mei
Mvua: 57.
Amefika mgeni, Lazaro, kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka upande wa Malawi. Mama yake ni wa Katumba Songwe, upande wetu. Alijifunza skwoshi kwa Ambilikile klabuni, na Julai naye anakwenda Nairobi. Amekuja kufanya mazoezi na mwalimu wake. Hajui lolote.
Anacheka sana. Alipoliona ghala akasema, "Bwana mkubwa, hapa tukicheza vibaya tutahifadhiwa kama mpunga."
Wamecheza saa nzima. Ambilikile ameshinda michezo mitatu kwa mmoja. Kila Lazaro alipojisogeza kushoto, mume wangu alikuwa ameshaondoka njiani, amempisha kama mimi ninavyompisha baba yake. Lazaro akatoka ameshika kiuno.
"Mama Angetile, huyu mtu ana macho kisogoni!"
Niliinama kuokota mpira ili nisionekane ninavyotabasamu. Nakiri: nilijivuna. Ushindi ule ulikuwa na mkono wangu.

Jumanne, 9 Mei
Mvua: 44. Ukungu umeshika kila kitu, viatu, Biblia, hata mkanda.

Ijumaa, 12 Mei
Mvua: 29.
Nimetoa kila kitu kukausha karibu na moto. Begi lake la raketi nalo. Kwenye mfuko wa ndani, chini ya mipira, kulikuwa na bahasha. Nilitaka kuikausha tu. Lakini Kiingereza changu cha sekondari hakijaoza.
Ni barua ya daktari wa macho wa Blantyre, ya tarehe 6 Oktoba. Inasema jicho la kushoto halitapona. Hilo nalijua. Inasema jicho la kulia lina udhaifu nyuma yake, wa kuzaliwa nao, na kwamba pigo moja, hata dogo, linaweza kulizima siku hiyohiyo. Inasema mgonjwa ameelezwa, ameelewa, na ameshauriwa kuacha kabisa michezo ya aina hii. Neno "kabisa" limepigiwa mstari. Kama atakaidi, avae miwani ya kinga, ingawa hata hiyo si dhamana.
Tarehe 6 Oktoba. Kombe alilichukua Novemba.
Nilikaa kwenye kigoda hadi moto ukazimika. Sikulia. Nilikuwa nafikiria ile ishirini na sita katika thelathini. Mtu mwenye jicho moja asiyejiweza angeacha mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwezesha. Nimemshika mume wangu mkono nikamwongoza mpaka ukingoni mwa shimo, nikihesabu hatua na kuziandika daftarini.

Jumamosi, 13 Mei
Mvua: 35.
Nimemwonyesha barua. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.
"Vaa basi hiyo miwani," nikasema.
"Bingwa akiingia na miwani, mpinzani ameshajua pa kupiga."
"Utakuwa kipofu, Ambilikile."
"Labda. Na labda nitakuwa na kombe." Akakunja barua kwa mikunjo yake ileile. "Mama Angetile, niangalie. Nikiacha, mimi ni nani hapa? Sijui kupandikiza mpunga. Sijui kokoa inavunjwa siku gani. Kuna watu wana macho mawili na hawana cha kuyafanyia kazi. Mimi nina moja na najua nalitaka kwa nini."
"Na Angetile? Hutaki kumwona akikua?"
Akatoka. Nilisikia bati la ghala likilia, mara nyingi kuliko kawaida.

Jumatatu, 15 Mei
Mvua: 8. Mpunga umeanza kugeuka rangi. Hatusemezani.

Jumamosi, 20 Mei
Mvua: 14.
Leo nimeona.
Mchezo wa nne, kila mmoja ana pointi mbili. Mpira ulitoka kona ya kulia, upande wake mzuri, upande wa jicho, Lazaro akaupiga kwa nguvu zote, na Ambilikile akageuka kuutazama. Kugeuka tu. Sauti haikuwa ya ukuta. Alishika uso kwa mikono miwili, akapiga magoti.
Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikivuta vidole vyake kimoja kimoja. Duara lilikuwa kwenye mfupa wa shavu, jekundu, kitovu cheupe, upana wa kidole kimoja chini ya jicho. Kidole changu mimi, si chake. Nimepima.
"Unaona? Baba Angetile, unaniona?"
Alipepesa jicho mara mbili tatu. Kisha akasema, "Khanga yako imechanika."
Akacheka. Lazaro alikuwa amesimama ukutani. "Bwana mkubwa, nisamehe, nisamehe, sikukusudia."
"Umekusudia nini? Ndiyo mchezo. Anza, mbili kwa mbili."
Wakaendelea. Kana kwamba hakuna lililotokea! Nikatoka nje.

Jumapili, 21 Mei
Mvua: 0. Ya kwanza tangu Februari.
Niliapa sitasema kwa mtu. Nimefikiri usiku kucha. Mama mkwe akijua, Kyela yote itajua kabla ya chai. Mchungaji, Ambilikile atamsikiliza kwa heshima na kwenda zake. Mtu mmoja tu amewahi kumwambia mume wangu neno akalitii, naye ndiye mtu pekee duniani nisiyeweza kumsemesha.
Baada ya ibada baba mkwe hukaa nyuma ya jiko letu, upande wa pili wa ukuta wa mianzi, anakunywa chai. Alikohoa alipofika. Kigoda kikalia. Nikavuta kinu, nikakiweka karibu na ukuta, nikachukua mchi. Sikuwa na mahindi.
"Wewe kinu," nikasema. Sauti ilikuwa kama si yangu. "Nina neno limenikaba na sina wa kumwambia, kwa hiyo nakuambia wewe, ambaye si mtu, na kiapo changu kilikuwa cha watu."
Nikakiambia kinu yote. Harare. Mama asiyesalimiwa, kwamba haikuwa kiburi. Barua na mstari chini ya neno lile. Kidole kimoja chini ya jicho. Nikakiambia na kosa langu, kwamba nilimfundisha kusikiliza. Kila nilipomaliza jambo nilitwanga mara moja, mchi mtupu ndani ya kinu kitupu.
Upande wa pili kikombe hakikugusa sahani hata mara moja. Nilipomaliza kigoda kililia, fimbo ikaondoka. Hakukohoa.
Nimeogopa sana. Labda nimemvunjia heshima mbele ya nyumba nzima.

Jumatatu, 22 Mei
Mvua: 3.
Naandika hili mchana huohuo, kabla halijageuka kichwani.
Lazaro alikuwa amekwenda sokoni. Ambilikile alikuwa peke yake uwanjani, anapiga mipira mirefu ukuta wa kulia. Mimi nilikaa kwenye kreti la soda karibu na mlango, nashona khanga.
Kwanza ulikuja ugoro. Sikusikia kikohozi wala fimbo, harufu ilifika peke yake. Baba mkwe alikuwa mlangoni, na mlango ni mmoja. Sikuwa na migomba ya kuingilia. Nikaanguka magoti, nikageukia ukuta, nikajifunika khanga gubigubi na sindano bado ikining'inia.
Alipita nyuma yangu. Miguu mitupu, kumbe viatu aliviacha nje. Fimbo aliibeba. Akaenda hadi katikati, kisha hatua zikakoma.
Mipira iliendelea. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Kumi. Ishirini. Nilingoja Ambilikile apige kelele ya mshangao. Thelathini. Viatu vyake vilikuwa vinalia sakafuni kwa furaha. Arobaini.
"Ambilikile."
Mpira ukadunda, ukadunda, ukanyamaza.
"Baba! Mwaghonile, baba," akamwamkia. "Umeingia lini?"
"Nimesimama hapa mipira arobaini. Tangu wa kumi nimekunyooshea mkono. Mkono umechoka."
"Sikukusikia," mume wangu akasema.
"Sikukohoa." Sauti ya mzee ilikuwa ya chini, bila ukali. "Mwanangu, nimekohoa njia zote za hapa miaka kumi na moja, ili mtu asiyenitazama ajue niliko. Yeye ana masikio, ndiyo. Lakini masikio yake yanafanya kazi kwa sababu mimi nakohoa. Kikohozi ni adabu ya anayekuja. Leo nimekosa adabu makusudi, na umeona. Sasa niambie. Huyo mtu wa Nairobi, atakukoholea?"
Nilishtuka kama nimemwagiwa maji. Siku zote hizo nilidhani elimu ile ilikuwa yangu. Kumbe nusu yake ilikuwa heshima ya mtu mwingine, aliyenitangulizia sauti kila kona.
Nilisikia raketi ikigusa sakafu, ikilazwa taratibu.
"Hapana, baba. Hatanikoholea."
"Basi."
Hakusema acha wala endelea. Miguu mitupu ikarudi kuelekea mlangoni, ikasimama nyuma yangu, si karibu.
"Ukuta," baba mkwe akasema, "ndaga fijo. Asante sana."
Kisha akatoka, na alipofika nje akakohoa, mara moja, ili nijue kwamba naweza kugeuka.

Jumanne, 23 Mei
Mvua: 0. Hakwenda ghalani.

Jumatano, 24 Mei
Mvua: 0. Hakwenda.

Alhamisi, 25 Mei
Mvua: 6.
Usiku wa jana alisema gizani, "Ulimwambia."
"Nilikiambia kinu."
Nikajua ndoa yangu inapimwa. Kisha kitanda kikaanza kutikisika, na nilipomgusa uso ulikuwa umelowa, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Kinu!" akawa anasema. "Bingwa mzima, nimefungwa na kinu!"
Asubuhi ameandika barua kwa waandaaji wa Nairobi. Ameandika ukweli wote, jicho la kushoto na la kulia. Aliniomba nisahihishe Kiingereza. Palikuwa na kosa moja tu, nami nimeliacha.

Jumapili, 28 Mei
Mvua: 0.
Amemwambia mama yake. Mama Naomi alisikiliza ameziba mdomo.
"Kwa hiyo hukunidharau?"
"Sikukuona, mama."
"Siku zote hizo mimi nimemnunia kipofu!" Akajipiga kifua, akalia, akamkumbatia, kisha akampiga kibao cha bega kwa kosa la kumficha. Sijawahi kumwona ana furaha namna ile kwa habari mbaya.

Jumamosi, 3 Juni
Mvua: 0.
Lazaro ameondoka na kombe begani, lile Ambilikile alilokuja nalo, amelizungushia blanketi. Bingwa anayeacha hurudisha kombe, lishindaniwe upya. Lazaro aliposikia sababu alikaa chini. "Nilikuwa nacheza na mtu wa jicho moja," akarudia, "na ananifunga. Jicho moja!"
Ambilikile alimvalisha mwenyewe miwani ya kinga aliyoagiza Lilongwe.
"Bwana mkubwa, watanicheka."
"Wakicheka, utawaona wanavyocheka. Hiyo ndiyo faida yake." Akamtazama akivuka kona ya njia, kisha akabaki anatazama njia tupu. Kuna maziko ambayo hayana jeneza.

Jumatano, 14 Juni
Mvua: 0. Ghala limekodishwa kwa mnunuzi mmoja, Hebroni, na mpunga umeanza kuingia. Magunia yamefunika bati la ukuta wa mbele. Mstari mwekundu wa juu bado unaonekana. Ambilikile alisaidia kupanga. Samsoni akamwambia anapanga vizuri kwa mtu aliyefungiwa chumbani miaka ishirini.

Jumatatu, 26 Juni
Mvua: 0. Kesho narudisha fomu za mvua za msimu ofisi ya kilimo.
Sijui nani alianza. Nadhani ni mama mkwe. Wiki iliyopita alimwona mwanawe kisimani, akamwendea kutoka kushoto, na kabla hajamsalimu akakohoa, kwa nguvu, kama mtu aliyemeza mfupa wa mbasa. Ambilikile akageuka uso mzima. Wakasalimiana. Siku ya pili Samsoni akakohoa. Wazee wa Talatala wakakohoa. Watoto wa shule wanakohoa hata wakiwa kulia kwake, kwa ushetani wao, naye anageuka kila mara na kuwakimbiza. Jana mganga wa zahanati ameniuliza kwa wasiwasi kama Ipyana kuna ugonjwa wa kifua.
Leo jioni tulikuwa tunarudi kutoka shambani, mimi mbele, yeye nyuma na mundu. Kabla ya kona nikasikia kikohozi ninachokijua. Nikaingia migombani, nikajifunika, nikageuka.
Hatua zikaja. Zikasimama. Baba mkwe akakohoa tena.
Nilishtuka. Miaka kumi na moja ni mara moja tu, haijawahi kuzidi. Nikadhani ameugua, nikataka kugeuka, Mungu anisamehe, nikajizuia.
Kisha nikasikia mundu wa mume wangu ukihama bega, na udongo mkavu ukisagika chini ya kisigino chake alipogeukia kushoto.
"Mwaghonile, baba," akasema.